Deni la Desemba Limekwisha, Baba

Baba, shikamoo.

Kabla ya yote, duka lipo. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya hali ya Mama. Lipo, ila limehama. Ile fremu ya chini, pale barabarani, tumeirudisha kwa mwenye nyumba. Sasa tuko ghorofa ya pili ya jengo lilelile, mkabala na choo cha kulipia. Usinune. Pango ni karibu nusu ya lile la zamani, na mafundi cherehani wanapanda ngazi wakihema na kunilaani, halafu wananunua. Zuhura bado yupo kaunta. Bado anapima elastiki kwa urefu wa mkono wake, na ukimwambia atumie rula anakuuliza kama umewahi kupunjwa na mkono huo. Mama naye hajambo. Amenenepa, anaimba kwaya ya akina mama kule Magomeni, na anagombana na kila mwalimu wa kwaya anayeletwa.

Leo saa nne asubuhi nilitoka ofisi ya kodi na karatasi mkononi. Nikakataa bodaboda, nikakataa bajaji, nikatembea kwa miguu hadi Kariakoo na jua lote lile, kwa sababu nilikuwa na furaha isiyotaka kukaa kwenye kiti. Karatasi inasema Elirehema na Wanawe Limited haidaiwi kodi yoyote. Nimeisoma mara saba. Zuhura ameibusu, ameiachia rangi ya mdomo, na sasa itabidi nichapishe nyingine.

Wewe hukujua kwamba tunadaiwa. Nalisema hilo mapema usije ukadhani barua hii ni ya kukusema. Ingawa, nikiwa mkweli, nilikusema sana. Miezi miwili mizima nilikuwa nikiosha vyombo nakusema kwa sauti, Mama akidhani naongea na simu. Hasira zile zimeisha. Ila acha nikueleze kuanzia mazishini, maana yaliyotokea pale ndiyo yaliyotubeba hadi leo.

Tulikulaza Machame, mgombani, karibu na Babu, kama ulivyotaka. Watu wa Kariakoo walikodi mabasi mawili ya Kosta, na wengine walikuwa hawajawahi kuiona Moshi, wakashuka wanatetemeka kwa baridi na makoti ya kuazima. Mchungaji alipomaliza, Baba Mdogo Aminieli akasimama kusema yale yanayosemwa kila msiba: "Kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, asiondoke bila kuonana na familia. Deni la kaka yangu ni langu." Fundi Mwajuma wa Mchikichini akanyoosha mkono. Nikadhani tunadaiwa. Akasema yeye ndiye anayedaiwa, maboksi mawili ya zipu tangu Idi, na pesa yenyewe amekuja nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Watu walicheka kaburini, Baba. Hata mchungaji. Hakutokea mwingine. Mama aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile, na tulirudi Dar tukitembea kifua mbele kwamba mzee wetu ameondoka duniani hadaiwi na mtu.

Kumbe aliyekuwa anatudai huwa hahudhurii mazishi.

Wiki tatu baadaye nilienda benki kutoa fedha za mzigo, na dada wa dirishani akanitazama kwa huruma. Akaunti ya kampuni imezuiwa kwa agizo la ofisi ya kodi. Nikamwambia amekosea, sisi mashine ya risiti tunayo na kila mteja anapewa risiti, hata yule anayeitupa mlangoni. Akaniambia, "Nenda kaongee nao, dada yangu."

Nilienda. Nilikaa mbele ya mama mmoja wa dawati la madeni, ambaye jina lake silitaji kwa sababu ameniomba nisimsifie kwa watu, ataletewa foleni. Akafungua kompyuta, akaigeuza nione. Kampuni yako ilikuwa inadaiwa fedha za kununua gari mbili za Noah na petroli ya kuzifikisha Moshi.

Yule mama hakunikaripia. Alikuwa anashangaa tu, anapandisha ukurasa na kuushusha. Mwisho akasema, "Hebu nieleze kitu. Kila mwaka mnalipa awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Safi kabisa. Awamu ya nne, ya Desemba, hakuna. Ritani ya mauzo ya mwezi huo, hakuna. Mwaka unaofuata vilevile, na unaofuata. Desemba huwa mnakuwa wapi?"

Nikamjibu, "Machame."

Baba, yule mama alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Meza za jirani zikageuka. Alipopata pumzi akasema, "Mimi ni wa Kibosho, jirani zenu kulekule mlimani. Endelea."

Nikaendelea. Nilimweleza jinsi ulivyokuwa ukifunga duka katikati ya Desemba, mvua inyeshe jua liwake, wakati Kariakoo nzima ndiyo kwanza inachemka na mafundi wanakulilia vifungo vya nguo za Krismasi. Jinsi ulivyokuwa ukiwajibu huku unashusha shata, "Desemba haina biashara, Desemba ina nyama." Mbuzi, pombe ya mbege, ndugu, shangazi wa kusuluhishwa, hadi katikati ya Januari. Na jinsi ulivyoamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba duka lililofungwa halina la kusema. Nakumbuka niliwahi kukuuliza juu ya ritani ya Desemba, tukiwa kaunta tunapanga nyuzi kwa rangi, ukanitazama kama nimekutukana. "Nusu ya mwezi sijauza kitu. Naenda kuwaambia nini? Kwamba nilikuwa nakula?"

Kumbe ndiyo, Baba. Unatakiwa uwaambie, hata kama hukuuza sindano moja. Usiposema unapigwa faini ya kutosema, na kodi uliyoiacha nayo inazaa riba, na riba haiendi likizo. Notisi walikuwa wanatuma miaka yote. Walizituma kwenye baruapepe ya yule bwana wa steshenari aliyetusajilia kampuni, ambaye alihamia Mwanza na neno lake la siri. Wewe barua uliyoletewa mkononi ulikuwa unailipa siku hiyohiyo, hilo nililisema pale mbele ya dawati na nitalisema popote.

Jioni ile tukakaa kikao nyumbani Magomeni, mimi, Mama na Baba Mdogo. Akaunti imezuiwa, mzigo unaisha, Zuhura hajapata mshahara na hajanuna, jambo ambalo lilinitisha zaidi ya akaunti. Baba Mdogo, ambaye unajua anajua kila kitu, akaja na dawa yake. "Iache ife. Hii ni kampuni limitedi, deni ni lake yenyewe, si lako wala la mama yako. Fungua nyingine, jina jipya, songa mbele. Mbona watu wanafanya!"

Baadaye yule mama wa dawati aliniambia mambo si mepesi hivyo, wakurugenzi nao huwa wanaulizwa. Lakini pale sebuleni sikufikiria sheria. Nilifikiria siku uliyoleta cheti cha usajili wa kampuni, ukanunulia soda korido nzima, kisha ukamleta mchora vibao aandike "na Wanawe". Watu wakakutania: wanawe wako wapi, Mangi, mbona tunaona msichana mmoja tu? Ukanishika bega, mkono wako una vumbi la maboksi, ukasema, "Wanawe ni huyu." Nilikuwa darasa la sita. Nilitembea wiki nzima najiona mrefu.

Kwa hiyo nikamtazama Baba Mdogo nikamwambia, "Kampuni inaitwa Elirehema. Wewe ulisimama kaburini ukasema anayemdai Elirehema asiondoke bila kuonana na familia. Huyu hapa amekuja. Amechelewa tu."

Mama alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama. Nilijua nimevuka mpaka. Mtoto hamkamati baba yake mdogo kwa maneno yake mwenyewe. Baba Mdogo akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka. "Umenishika pabaya, mwanangu," akasema. "Msiba mzima ulinisikia." Wiki iliyofuata aliuza ile pikapu yake ya bluu, ile ambayo hata kuku alikuwa haruhusiwi kuisogelea, akaleta fedha ya kuanzia kwa mkono wake. Sasa anamweleza kila mtu kwamba wazo la kulipa lilikuwa lake. Tumemwachia, amelinunua.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Ili ofisi ikubali tulipe kidogo kidogo, maombi lazima yasainiwe na mkurugenzi. Mlikuwa wawili, wewe na Mama. Mama akasema yeye aliweka sahihi yake siku ile kwa sababu ulimwambia ni karatasi za duka, na asiulizwe lolote zaidi. "Mwekeni Haika, ndiye anayejua." Kumweka Haika, yaani mimi, kulimaanisha pia kumtoa Elirehema. Ipo fomu yake, na inataka cheti cha kifo. Inauliza kwa nini mkurugenzi anaondoka: amejiuzulu, ameondolewa, au amefariki. Unachagua moja.

Nilikaa na fomu ile siku nne. Nilikuwa nimeshakuzika. Nilikuwa nimepokea rambirambi, nimegawa mashati yako kwa wajomba, nimeshona sare ya arobaini, na katika hayo yote sikuwahi kuona kwamba ninakutoa mahali. Ni mimi tena, kwa kalamu yangu! Pale ndipo nilipolia, Baba, kwenye benchi la steshenari mtaa wa nyuma, kwa kwikwi, kama mtoto, mpaka mwenye fotokopi akanipunguzia bei bila kuombwa. Kisha nikatia alama. Nisamehe. Nilikutoa kwenye orodha ili jina lako libaki kwenye kampuni, na mpaka leo sijapata njia ya kulisema hilo isiyoniuma.

Barua ya kuomba tusamehewe riba niliiandika mwenyewe. Pale nje palikuwa na jamaa mmoja wa shati jeupe na begi, akaniambia kwa kitu kidogo tu yeye anaimaliza kabla ya Ijumaa. Nilimjibu kwamba baba yangu alikuwa hanunui hata sindano bila kuijaribu kwenye kitambaa. Nikaandika ukweli mtupu: baruapepe iliyopotelea Mwanza, kifo chako, duka lenye watu watatu wanaolitegemea. Nikaongeza kwamba marehemu alikuwa mlipaji mwema miezi kumi na moja ya mwaka, na ule wa kumi na mbili alikuwa na ndugu zake. Yule mama wa Kibosho akaisoma yote, akaikata sentensi ile ya mwisho kwa kalamu nyekundu, akasema, "Hii usiiweke. Lakini ni nzuri." Sehemu ya riba wakatusamehe. Iliyobaki, pamoja na kodi yenyewe, wakaigawa kwa miezi kumi na minane, na akaunti ikafunguliwa.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Ndipo tulipopandisha duka ghorofani, na siku ya kuhama nilipanda zile ngazi nikiwa nimekumbatia droo ya vifungo, naona aibu hata kumtazama mtu. Nilipofika juu nikakuta mafundi sita nyuma yangu, kila mmoja na boksi kichwani, Mwajuma mbele yao anaimba. Hakuna niliyemwita. Kuna mwezi tulikula dagaa mpaka Mama akasema paka wa jirani wanatuamkia. Lakini kila mwezi nililipa, na kila nilipolipa nilimpigia yule mama wa dawati kumwambia nimelipa, mpaka akaniomba niache, mfumo unamwonyesha.

Na Sharifa! Unamkumbuka Sharifa wa vitambaa, wa familia ile ya Waarabu jirani zetu, aliyekuwa anakuita Mangi hata mbele ya mchungaji. Desemba ya kwanza bila wewe alinikuta natazama shelfu tupu. Hakuuliza kitu. Akaniletea katoni za zipu na bitana, mali kauli: nikiuza nitapeleka, hakuna karatasi, neno tu. Nikamwambia sina cha kumwekea dhamana. Akasema, "Nilipofungua duka langu baba yako alinipa uzi wa miezi mitatu hivihivi. Mimi nilimwekea nini? Uza, wewe."

Basi sikufunga katikati ya mwezi. Nilifungua Desemba, Baba, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe! Mafundi walipoona taa inawaka walidhani duka limevamiwa. Waligombania vifungo vya dhahabu, wakagombania lesi, Zuhura akapima elastiki mpaka mkono ukavimba na akakubali kutumia rula siku mbili. Niliuza zaidi ya miezi mitatu iliyotangulia ikijumlishwa. Nikakaa juu ya katoni tupu nikacheka mpaka Sharifa akaja kuangalia kama niko salama. Miaka yote ile, Mzee wangu, Desemba ilikuwa na biashara!

Na nyama ilikuwa na nafasi yake pia. Mkesha wa Krismasi alfajiri nilikuwa kwenye basi, na jioni nilimkuta mbuzi bado yuko jikoni na shangazi wawili wameshanuniana. Nikaja kukusalimia mgombani. Siku chache baadaye nililipa awamu ya nne hukohuko kwa simu, nimesimama juu ya ukuta wa zizi kutafuta mtandao, wajomba wakinipigia makofi kama naokoa mtu. Sikuona kwamba nimekusaliti. Niliona kwamba ungekuwepo ungenishikia ngazi ya kupanda ukuta ule.

Halafu leo.

Nilikuwa nimekaa kwenye vile viti vya chuma vya pale ofisini, katikati ya watu na mafaili yao. Mlango ukafunguliwa, yule mama akatoka mwenyewe na karatasi, akaita kwa sauti ya kanisani: "Mkurugenzi wa Elirehema na Wanawe!"

Nikageuka nyuma kukutafuta.

Nakwambia kweli, niligeuka mwili mzima. Nikangoja uinuke na lile koti lako la kijivu, ukijifuta mikono kwenye suruali kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya kushika chochote cha serikali, useme, "Naam, naam, nakuja." Nyuma yangu palikuwa na ukuta na feni. Akaita tena. Watu wakaanza kutazamana, jirani yangu akanigusa kiwiko, "Dada, si wewe?" Ilinichukua muda, Baba. Ilinichukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Kisha nikainuka, na yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera, mkurugenzi. Mzee angefurahi." Nikamwambia mzee angeuliza kwanza kama karatasi hii inalipiwa. Tukacheka wote wawili, na mimi nilikuwa nalia kidogo, lakini kicheko kilikuwa kikubwa.

Sasa nafunga, wateja wamejaa na Zuhura ananitazama kwa jicho lile. Pumzika, Baba. Pumzika kama mtu aliyefanya kazi mwaka mzima na kufika nyumbani. Nimekukumbuka kwa namna ambayo siwezi kuiandika hapa nikaendelea kuuza vifungo.

Ninakuahidi nitasema kila mwezi, niwe nimeuza au sijauza. Na siku nyingine wakiliita jina lile, popote pale, sitageuka nyuma. Nitasimama.

Binti yako,
Haika